Mfuko wa Nyongo na Kazi Yake katika Wanyama wa Kufugwa

Ng'ombe wa mwanachama anapokufa na kupasuliwa, aghalabu watu huutazama mfuko wa nyongo. Wakiukuta umetuna, minong'ono ya sumu huanza, na majirani huoneana shaka. Chama chenye shaka za namna hiyo hakikawii kutumbukia nyongo. Yafaa basi viongozi waifahamu kazi ya mfuko huo, wapate kuwaeleza wafugaji ukweli.

Nyongo hutengenezwa na ini, wala si na mfuko wenyewe. Mfuko umeshikamana na ini. Kazi yake ni kuiweka nyongo na kuifanya nzito kwa kufyonza maji yake. Chakula kinapoingia katika utumbo mwembamba, mfuko hujikaza na kuisukuma nyongo utumboni kwa njia ya mfereji mdogo. Huko nyongo huyagawa mafuta kuwa matone madogo sana, yapate kuyeyushwa kwa urahisi.

Ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe na kuku wanao mfuko huu. Farasi, punda na ngamia hawanao; nyongo yao hutoka inini na kwenda utumboni moja kwa moja.

Mnyama aliyekaa na njaa, ama kwa safari ndefu ya mnadani ama kwa ugonjwa wowote unaomzuia kula, mfuko wake hujaa kwa kuwa haujikazi ipasavyo. Ndigana baridi, ambayo huenezwa na kupe, huongeza jambo jingine: chembe nyekundu za damu huharibiwa kwa wingi, na mabaki yake hugeuzwa kuwa rangi ya nyongo. Ndipo mfuko huonekana mkubwa, na nyongo yake nzito.

Kwa hiyo, mfuko uliotuna peke yake si ushahidi wa sumu. Huenda ukawa ushahidi wa josho lililoachwa bila dawa.

Vyama vinakumbushwa mambo mawili. Kwanza, Bwana Mifugo aitwe mnyama angali hai, maana ndigana baridi hutibika ikiwahiwa. Pili, mnyama aliyekufa ghafla huku akitokwa na damu puani, mdomoni au nyuma asipasuliwe kamwe, wala nyama yake isiliwe. Huenda ni kimeta, nacho huua watu pia. Katika hali hiyo mfuko wa nyongo usitafutwe. Atafutwe Bwana Mifugo.