Mwanao anarudi kutoka Marekani? Mwandalie chandarua kabla ya kuku

KILA mwaka ifikapo mwezi wa Mei, vyuo vikuu vingi vya Marekani hufunga mwaka wa masomo. Mitihani huisha, mabweni hufungwa na wanafunzi waliotoka nchi za nje hukabiliwa na uamuzi: wabaki huko kufanya kibarua cha chuoni, au wakate tikiti ya kurudi nyumbani kwa likizo ndefu inayoendelea hadi Agosti.

Kwetu huku ukanda wa ziwa, kuanzia Port Victoria kule Bunyala, Usenge na Asembo, hapa Kisumu, hadi Kendu Bay, Homa Bay na Mbita, wiki hizo ni za shangwe. Jamaa hujaa uwanja wa ndege, kuku huchinjwa, na kijana huzungushwa kwa shangazi na wajomba kama bibi arusi.

Shangwe hiyo naifahamu vizuri. Lakini kama daktari mwenye kliniki mjini Kisumu, nafahamu pia yanayofuata. Baada ya wiki mbili au tatu, baadhi ya vijana hao huletwa kwangu wakiwa hoi. Ugonjwa wenyewe si mgeni hata kidogo. Ni malaria.

Kijana wa siku ya 16

Miaka michache iliyopita mama mmoja aliniletea mwanawe wa miaka 21, mwanafunzi wa uhandisi katika jimbo moja la kaskazini mwa Marekani. Alikuwa hajafika nyumbani kwa miaka miwili. Siku ya tatu baada ya kuwasili, familia ilikwenda Siaya kwenye matanga, naye akakesha nje na binamu zake usiku tatu mfululizo.

Siku ya 13 joto la mwili likapanda. Akaenda kwenye duka la dawa, akauziwa vidonge vya maumivu na dawa ya taifodi bila kupimwa chochote. Siku ya 16 ndipo alipofikishwa kliniki, macho yamegeuka manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, na maneno yake hayaeleweki.

"Daktari, hii si malaria," mama yake aliniambia. "Amezaliwa hapa, amekulia hapa. Malaria ya hapa anaijua. Mimi nadhani ni uchovu wa ndege na mabadiliko ya chakula."

Tulipotazama damu yake kwa darubini, vimelea vilikuwa vimejaa. Nilimdunga sindano ya kwanza ya atesuneti pale pale na kumpeleka hospitali saa hiyo hiyo. Alipona, na mwezi wa Agosti alirejea darasani. Lakini nawaambia wazazi ukweli: angechelewa siku moja zaidi, huenda tungekuwa tunapanga matanga mengine.

Kwa nini mtoto wa ziwa anaugua kama mgeni?

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Ni kweli kwamba mtu aliyekulia kandokando ya Ziwa Victoria ana kinga fulani dhidi ya malaria. Tangu utotoni ameumwa mara nyingi na mbu wenye vimelea, na mwili wake umejifunza kupambana navyo. Ndiyo sababu malaria huua zaidi watoto wa chini ya miaka mitano, huku mtu mzima akipata homa na kuumwa kichwa, kisha akatibiwa na kurudi kazini.

Lakini kinga hiyo si kama ile ya surua, ambayo ukiugua mara moja inakulinda maisha yako yote. Kinga ya malaria ni kama moto wa kuni: usipochochewa hufifia. Mwanafunzi anayeishi mahali ambapo hapati malaria hachochei moto huo. Kadiri anavyokaa huko ndivyo kinga inavyopungua, na hakuna kipimo cha kawaida cha kumwonyesha imebaki kiasi gani. Kwa hiyo asiitegemee.

Aidha, wapo vijana ambao hawakuwahi kuwa na kinga hiyo. Hawa ni wale ambao wazazi wao ni wa Siaya, Busia au Homa Bay, lakini wao wamelelewa Nairobi, ambako malaria ni adimu. Jina ni la ziwa, lakini damu haijawahi kukutana na kimelea. Mbu haulizi paspoti wala ukoo.

Vijana wenye ugonjwa wa selimundu wawe waangalifu maradufu. Mtu aliyerithi chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata ulinzi kiasi dhidi ya malaria kali. Lakini mwenye ugonjwa wenyewe, aliyerithi kutoka kwa wazazi wote wawili, malaria ni hatari kubwa kwake.

Wanarudi wakati mbaya

Kalenda ya vyuo vya Marekani na kalenda ya mbu wetu zimegongana. Mvua ndefu hunyesha kuanzia Machi hadi Mei. Madimbwi hujaa, mbu huzaana, na malaria hupanda zaidi kati ya Mei na Julai. Hicho ndicho kipindi ambacho vijana wetu wako nyumbani.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba asilimia 19 ya watoto waliopimwa katika ukanda wa ziwa walikuwa na vimelea vya malaria, ilhali kwa Kenya nzima ilikuwa asilimia 6. Hali imeboreka, kwa kuwa mwaka 2015 kiwango cha ukanda huu kilikuwa asilimia 27. Hata hivyo, bado sisi ndio tunaoongoza nchini.

Chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2019, na kuzinduliwa Homa Bay, ni ya watoto wadogo. Mwanafunzi wa chuo kikuu haimhusu.

Safari hizi pia zimebadilika. Mwaka 1959, wakati Tom Mboya alipopanga ndege ya kwanza kuwapeleka wanafunzi 81 Marekani, aliyekwenda alikwenda. Barack Obama mkubwa, mzaliwa wa huku kwetu, aliingia Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka huo huo wa 1959 na hakurudi hadi 1964. Leo mwanafunzi anaweza kurudi kila likizo, na kila safari inamkutanisha upya na mbu.

Dawa za kinga

Mwanafunzi anayepanga kurudi aende kwenye kituo cha afya cha chuo chake wiki nne hadi sita kabla ya safari, aseme wazi kwamba anakwenda eneo la Ziwa Victoria. Asiseme "Kenya" tu, kwani daktari anaweza kudhani anaishia Nairobi. Dawa zinazotumika sana ni hizi:

* Atovakuoni-proguanili. Humezwa kila siku, kuanzia siku moja au mbili kabla ya kufika hadi siku saba baada ya kuondoka. Haina usumbufu mwingi, lakini bei yake iko juu.

* Doksisaiklini. Humezwa kila siku pia, lakini huendelea kwa wiki nne baada ya kuondoka. Mara nyingi ni nafuu zaidi. Huweza kuifanya ngozi iungue upesi juani, na haifai kwa mjamzito.

* Meflokwini. Humezwa mara moja kwa wiki, huanza angalau wiki mbili kabla ya safari na huendelea wiki nne baadaye. Haifai kwa mtu mwenye kifafa au aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili, hata mfadhaiko.

Klorokwini msiiulizie. Vimelea vya huku viliizoea zamani, na Kenya iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998. Vilevile, dawa ya AL inayotolewa hospitalini ni ya kutibu. Kumeza vidonge viwili vitatu "kwa kujikinga" ni kujidanganya.

Nasikia vijana wakisema, "Daktari, nikimeza dawa za watalii binamu zangu watanicheka." Waache wacheke. Kicheko hakijamlaza mtu hospitalini.

Mkishafika nyumbani

Dawa peke yake haitoshi. Chandarua kilichotiwa dawa kiwe kimefungwa kabla mgeni hajafika, na kisiwe na matundu. Sisi wa huku tunajua thamani yake: majaribio yaliyofanywa Asembo na Gem katika miaka ya 1990 yalionyesha kwamba vyandarua hivyo vilipunguza vifo vya watoto wadogo.

Ikiwa analala kwa nyanya mashambani, asafiri na chandarua chake. Jioni avae mikono mirefu na suruali, na ajipake dawa ya kufukuza mbu, hasa kwenye mikesha ya matanga.

Kuhusu ziwa lenyewe, kuogelea Dunga au kwenye fuo nyingine ni raha, lakini maji hayo yana kichocho. Homa na upele wiki kadhaa baadaye, au damu kwenye choo, ni ishara za kumwona daktari.

Homa ni malaria hadi ithibitishwe si malaria

Malaria huanza kwa kawaida baada ya siku saba au zaidi tangu kuumwa na mbu. Dalili ni joto, kutetemeka, kichwa, uchovu, kutapika na wakati mwingine kuharisha. Ni rahisi kudhani ni mafua au uchovu wa safari. Mwenye homa apimwe damu siku hiyo hiyo.

Na hapa nikiri kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa daktari mchanga, msichana mwanafunzi kutoka ng'ambo alinijia na homa ya siku moja. Kipimo cha haraka kilionyesha hana malaria. Nikampa dawa ya kuteremsha joto, nikamwaga. Sikumwambia arudi. Baada ya siku mbili aliletwa akiwa na degedege, hajitambui. Mungu bariki alipona, lakini alipoteza muhula mzima wa masomo.

Tangu siku hiyo sikubali jibu la kipimo kimoja. Homa ikiendelea, damu ipimwe tena baada ya saa 12 hadi 24, na mara nyingine tena ikibidi. Nawe mzazi una haki ya kudai hivyo. Na mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, kupumua kwa shida, kugeuka manjano au kutapika kila anachomeza, usipite kwenye duka la dawa. Nenda hospitali moja kwa moja.

Akirudi Marekani je?

Hatari haiishi uwanja wa ndege. Kijana anaweza kuondoka na vimelea mwilini na kuugua akiwa bwenini mwezi wa Septemba. Kwa kawaida Marekani huwa na wagonjwa wa malaria wapatao 2,000 kwa mwaka, karibu wote wakiwa wameipata safarini, na wengi wao kutoka Afrika. Hata hivyo, daktari wa huko anaweza kumaliza miaka mingi bila kuiona.

Kwa hiyo akipata homa, hasa katika miezi mitatu ya kwanza na hata kufikia mwaka mmoja, maneno yake ya kwanza kwa daktari yawe haya: "Nimetoka eneo lenye malaria nchini Kenya. Naomba nipimwe malaria leo." Sindano ya atesuneti iliidhinishwa nchini humo Mei 2020, hivyo dawa ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kukumbuka kuuliza mgonjwa ametoka wapi.

Wazazi, mmelipa karo, mmeuza ng'ombe, mmekopa kwenye chama ili mtoto asome. Chandarua kinagharimu kidogo sana kuliko hayo yote. Mpigieni simu wiki hii, kabla hajafunga mabegi, mumwulize kama ameonana na daktari wa chuo. Kuku atamkuta.