Msahafu wa Babu, Msahafu wa Mjukuu

TUSEME ipo nyumba ya Waislamu pale Ipinda, katika njia ya kutoka Kyela kwenda Matema. Babu alikhitimu chuoni zamani, kompyuta hazijasikika huko, na alisoma katika msahafu wa chapa ya Bombay. Mjukuu yuko madrasa, na msahafu wake ni ule wa Madina. Baada ya Magharibi anamwomba babu amsahihishe. Mzee anakipokea kitabu, anakisogeza karibu na taa, anasita katika aya anayoijua tangu utotoni. Kisha anasema macho yamechoka, mtoto amngoje mwalimu wake.

Macho hayakuchoka. Ndugu wasomaji, zama vitabu vilipokuwa haba, mtu hakujifunza herufi tu, bali alizoea mwandiko. Mama zetu waliitambua kanga kwa umbo la herufi za jina lake hata kabla ya kulisoma. Na aliyekaa chuoni aliufungua msahafu akajua umetoka nchi gani.

Misahafu ya Bombay na Lahore ilianza kwa mkono wa khatati, mwandiko wake ukahamishiwa juu ya jiwe na kupigwa chapa. Humo, ya ya madda huwekewa sukuni, alifu isiyoandikwa huonyeshwa kwa fatha iliyosimama wima, na pembeni mna ain ya rukuu. Katika msahafu wa Madina, unaotoka katika kiwanda cha Mfalme Fahd kilichofunguliwa mwaka 1984, ya hiyo huachwa tupu, alifu ndogo hufuata baada ya fatha, hamza ya kuunganisha huvikwa kichwa cha sadi, na tanwini hubadili mkao kulingana na herufi inayofuata. Kurasa zake ni 604, zenye mistari 15 isipokuwa mbili za mwanzo, na kila ukurasa hukoma mwisho wa aya. Kwa anayehifadhi, hilo ni jambo kubwa.

Wapo vijana wanaoziona tofauti hizi wakanong'ona kwamba msahafu wa babu una makosa. Hauna. Maneno ni yale yale, na kisomo ni kile kile cha Hafs kutoka kwa Asim. Zilizotofautiana ni alama, nazo ziliwekwa ili kumsaidia msomaji. Irabu tulizozizoea hunasibishwa na Al-Khalil bin Ahmad, mwanachuoni wa karne ya nane.

Tena, anayedhani wa Madina ni kazi ya mashine na akumbuke kuwa uliandikwa kwa kalamu, na Uthman Taha wa Syria. Uliopangwa kwa herufi za risasi ni ule wa Misri wa mwaka 1924. Babu na mjukuu, kila mmoja anasoma mkono wa mtu.

Linalotuhuzunisha ni mzee kunyamaza mbele ya wajukuu kwa kuona haya, na msahafu wake kuwekwa juu ya kabati. Mvua za Kyela hazina huruma na karatasi. Ushushwe, ufunguliwe mkekani kando ya ule mpya, tuseme katika Suratul-Mulk. Babu asome kwa moyo huku mtoto akimwonyesha alama moja moja. Na wanaomnunulia wasimletee toleo la mfukoni, kwani herufi zake ni ndogo mno kwa taa ya chemli.