Unapaka Rangi Mwenyewe? Pima Ukuta Kabla ya Kuweka PIN

Ukuta wa sebule umechoka: alama za mikono ya watoto, moshi wa jiko, na lile doa lililobaki bati lilipovuja. Fundi amekuja, ameangalia huku na huku, akasema, "Nitumie ya ndoo moja ya lita 20, tuanze kesho."

Ngoja kwanza. Usitume kitu.

Chumba kimoja unaweza kupaka mwenyewe wikendi moja. Ila kama unaishi Maseno, kilomita 25 hivi kutoka Kisumu kwenye barabara ya Busia, kukosea hesabu kunauma. Ukinunua nyingi, pesa yako imelala ndani ya ndoo. Ukinunua kidogo, ni nauli tena kufuata mkebe mmoja.

Piga hesabu

Tuchukue chumba cha mita 3 kwa 3, urefu wa ukuta mita 2.5. Jumlisha kuta nne: mita 12. Zidisha kwa 2.5 upate mita 30 za mraba. Toa mlango na dirisha, zinabaki 26 hivi.

Lita moja ya rangi ya maji hufunika karibu mita 10 za mraba kwa koti moja. Koti mbili ni mita 52, yaani lita 5 na kidogo. Basi nunua mkebe wa lita 4 na miwili ya lita 1. Ile ndoo ya lita 20 ilikuwa ya nini?

Ongeza kwenye orodha: rola, brashi, msasa, filla na andakoti kama plasta ni mpya.

Lipa duka, usilipe ahadi

Piga simu hadiwea mbili au tatu, Maseno, Luanda na Kisumu, ulinganishe bei. Kisha:

- Lipa kwa Till ya duka, si namba ya mtu binafsi. Ukitumia Lipa na M-PESA kwa Till, mteja hakatwi ada. Ukitoa pesa kwa wakala ili ulipe taslimu, unakatwa.
- Soma jina linalotokea kwenye simu. Si la duka? Katisha hapo hapo.
- Kama rangi inaletwa na matatu, omba uone mzigo ukifika ndipo ulipe. Duka likikataa, fikiria kwenda mwenyewe.
- Tunza SMS ya malipo. Ukipewa rangi isiyo yako, hiyo ndiyo ushahidi wako.
- Ukituma pesa kwa namba ya mtu kimakosa, peleka ile SMS kwa 456 mara moja, kabla hajaitoa.

Na jambo moja zaidi: rangi si dharura, usiifulizie. Fuliza ina ada ya kila siku hadi umalize deni. Afadhali uweke kidogo kidogo, ununue filla na msasa mwezi huu, rangi mwezi ujao.

Siku ya kazi

Ziba bati linalovuja kwanza. Ukipaka juu ya unyevu, rangi itabambuka na pesa imeenda.

Ukuta ukikauka, ziba nyufa kwa filla, piga msasa, futa vumbi. Kama kuna rangi ya zamani ya mafuta, usiikwangue ikiwa kavu. Inaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru akili za watoto. Lowesha ukuta na msasa wenyewe, na watoto wakae mbali. Unaponunua mpya, tafuta alama ya KEBS kwenye mkebe.

Anza asubuhi. Upande huu wa ziwa mvua hupenda kuja alasiri, na hewa yenye unyevu huchelewesha rangi kukauka. Paka kona na kando za dirisha kwa brashi, kisha jaza katikati kwa rola kutoka juu kwenda chini. Acha madirisha wazi. Koti ya pili isubiri saa zilizoandikwa kwenye mkebe. Ukiharakisha, rola itang'oa ya kwanza.

Kiasi kidogo kitabaki. Funika mkebe vizuri uuweke, kwa sababu ile mikono ya watoto itarudi.

Na yule fundi? Mwambie ukweli: kazi hii umeiweza. Akija kwa ile ya dari, mkubaliane bei, ununue vifaa mwenyewe, umlipe kazi ikiisha.