Siku kijana wetu anapopasuliwa goti

Jeraha la goti huonekana dogo machoni pa watu wazima, lakini kwa kijana aliyeuweka moyo wake kwenye mpira ni msiba. Aghalabu hutokea pasipo kugongwa na mtu: mchezaji anatua vibaya baada ya kuruka, au anageuka ghafla ilhali mguu umekita chini, anasikia kitu kikilia ndani ya goti, na kabla ya jioni goti limevimba. Mara nyingi kilichokatika ni kano ya katikati ya goti, ile inayouzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele ya mfupa wa paja. Kwa anayetaka kurudi kwenye michezo ya kukimbia na kugeuka, madaktari wengi hushauri apasuliwe na kuwekewa kano nyingine, ambayo huweza kuchukuliwa nyuma ya paja lake mwenyewe.

Sisi wa kamati ya msikiti tumezoea kuitwa mambo yakishaharibika. Safari hii tuliitwa mapema, na mzazi wa kijana wa miaka 17, mchezaji wa timu ya mtaa, aliyetaka watu wa kufuatana naye hospitali. Tulikwenda wawili, na kwa rai yetu wawili wanatosha. Kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yetu, lakini watu kumi kwenye korido humchosha mama mwenye mgonjwa, maana kila mmoja atataka kusimuliwa tangu mwanzo.

Kijana yule hakukiogopa sana kisu, aliyaogopa maneno. Asubuhi ile, akiwa tayari amevaa gauni la hospitali, ami yake mmoja alianza: "Tulikwambia mpira hauna faida." Kijana akageuza uso ukutani. Baba akamshika ndugu yake mkono wakatoka nje kuangalia mambo ya malipo, na hilo tunalihesabu kuwa tendo bora kuliko yote tuliyoyaona siku hiyo. Kama wazazi wanataka mtoto aache mpira, mazungumzo hayo yana wakati wake, na wakati huo si mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Isitoshe, Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha (R.A.), basi tusiuseme mchezo wa halali kana kwamba goti limevunjwa na dhambi.

Upo pia upande wa pili, wa wanaofariji kwa ahadi: "Mwezi ujao utakuwa uwanjani, inshaallah." Kano mpya huhitaji muda mrefu kushika, na wataalamu wengi hawamruhusu mchezaji kurudi mashindanoni kabla ya miezi 9. Kijana aliyeahidiwa mwezi mmoja atavunjika moyo mara ya pili. Afadhali kumwambia: safari ni ndefu, nasi tupo.

Kuna mambo ya asubuhi ambayo familia hukwama nayo. La kwanza ni huruma ya mama. Mgonjwa huagizwa asile kwa saa kadhaa, kwa kawaida 6 au zaidi, kwa sababu kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni akiwa kwenye nusukaputi. Chai ya maziwa huhesabiwa kuwa chakula. Kumnywesha kwa siri "apate nguvu" ni kumhatarisha, au ni kuahirishiwa upasuaji. La pili ni hirizi. Muuguzi atataka kila kilichofungwa mwilini kivuliwe, na bibi atalalamika. Sisi tunasema ivuliwe nyumbani, isirudi tena, na nafasi yake ichukuliwe na dua.

Kuhusu swala, kijana aswali Alfajiri kabla ya kuondoka. Je, anaweza kukusanya Adhuhuri na Alasiri? Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu mgonjwa. Katika madhehebu ya Shafii, yaliyoenea pwani yetu, kauli mashuhuri hairuhusu, ingawa Imam Nawawi aliiona rai ya kuruhusu kuwa na nguvu. Madhehebu ya Imam Ahmad yanaruhusu. Muulizeni sheikh wenu siku moja kabla, pamoja na suala la udhu juu ya bendeji. Baadaye ataswali ameketi, na asiyeweza kuketi huswali kwa ubavu. Dini haikumbana, basi nasi tusimbane.

Halafu huja kungoja. Upasuaji wenyewe huchukua kama saa moja hadi mbili, lakini tangu achukuliwe kitandani hadi arudishwe huweza kupita saa 4 au zaidi, kwani kuna maandalizi na kuna kuzinduka. Mama aambiwe hayo mapema, ili saa ya 3 isimkute akilia. Akichomwa sindano ya mgongoni, kijana atarudi akiwa hahisi miguu yake kwa saa kadhaa. Naye aelezwe kabla.

Kurudi nyumbani kunahitaji gari ambalo mguu unaweza kunyoshwa kiti cha nyuma, bajaji haifai. Sadaka ya kamati tuliielekeza huko, ikakabidhiwa baba kimyakimya bila kutangazwa kwenye kipaza sauti. Nyumbani, choo cha kuchuchumaa ndicho mtihani mkubwa: tafuteni kiti cha choo, au seremala atoboe kiti cha mbao. Mto msiuweke chini ya goti kwa kumhurumia, maana goti likizoea kukunjika huwa shida kulinyosha. Wengi huagizwa kuuweka chini ya kisigino. Homa, usaha kwenye jeraha, shavu la mguu kuvimba na kuuma, au pumzi kubana, ni mambo ya kurudi hospitali saa hiyo hiyo.

Mazoezi ya tiba yakianza, kijana atahitaji kupelekwa kliniki wiki baada ya wiki, wakati ambapo wageni wa siku ya kwanza wameshatawanyika. Kwa ajili hiyo kamati imebandika karatasi karibu na mlango wa wanaume, yenye majina ya wenye magari na siku zao. Jumatano bado haina mtu.