Maana ya "Sijambo" Darasani

Maana ya usemi haitokani na maneno peke yake. Hutokana pia na desturi za wasemao. Tutazame salamu, ambazo mwalimu huzisikia kila asubuhi.

Neno "hujambo" limejengwa kwa kiambishi cha kukanusha, hu-, na nomino jambo: yaani, huna jambo lililokusibu? Jibu lake ni "sijambo". Tukifuata maneno yenyewe tu, mtoto mwenye homa akijibu hivyo amesema uongo. Kwa desturi ya Waswahili, hakusema uongo hata kidogo. Jibu hilo ni la adabu, hupokea salamu kwanza, na habari hufuata: "Sijambo, ila kichwa kinaniuma." Uzito wa ujumbe umo baada ya neno "ila".

Darasani wanafunzi husimama, huitika kwa pamoja "Hatujambo, mwalimu", kisha huketi. Katika mwitiko huo hakuna nafasi ya "ila". Tena mtoto aliyefunzwa adabu hamwelezi mkubwa shida zake kabla ya kuulizwa. Hivyo mgonjwa, au aliyelala na njaa, huweza kunyamaza hadi masomo yaishe, naye mwalimu akamdhania mvivu.

Basi tusitosheke na salamu ya darasa zima. Tupite kati ya madawati, na yule aliyeinamisha kichwa tumwulize kwa sauti ya chini: "Umeamkaje? Nyumbani hawajambo?" Kisha tungoje kidogo, kwani jibu la kwanza litakuwa la adabu, na la pili ndilo la habari.