Injini Kuukuu: Pima Kwanza, Fungua Baadaye

Mkulima mwenye motokaa ndogo kuukuu ya kupelekea maziwa huijua dalili hii: moshi wa buluu nyuma, oili yapungua, petroli yaisha upesi, na kilima cha jana leo hakipandiki. Fundi humwambia, "Injini imekwisha, lete pesa." Basi, kabla ya kutoa pesa ya maziwa ya miezi mingi, injini ipimwe.

Tuchukue mfano wa Morris Minor ya mwaka 1963, yenye silinda nne na ukubwa wa cc 1098.

Kwanza, fundi apime mkazo wa hewa ndani ya silinda. Injini ikiwa moto, plagi zote zitolewe, waya wa koili ung'olewe, kanyagio la petroli likanyagwe hadi chini, na stata izungushwe. Namba ya kila silinda iandikwe. Iliyo dhaifu itiwe kijiko cha oili, ipimwe tena. Namba ikipanda, ringi au silinda imelika. Isipopanda, yaelekea ubovu uko kwenye valvu au gasketi, na pengine kichwa tu ndicho kitakachofunguliwa. Gharama itakuwa ndogo.

Pili, usikubali ringi mpya ndani ya silinda iliyolika. Silinda hulika zaidi karibu na juu, kwa hiyo ipimwe juu, katikati na chini. Ikizidi kipimo cha kitabu, ichongwe na kutiwa pistoni kubwa zaidi. Krankishafti nayo ipimwe, kwani beringi mpya juu ya chuma kilicholika hazidumu.

Tatu, injini hizi ziliundwa wakati petroli ilipotiwa madini ya risasi, yaliyokinga viti vya valvu za kutolea moshi. Kenya iliacha petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006, kwa kuwa risasi hudhuru afya, hasa ya watoto. Kwa hiyo, kichwa kikiwa nje, fundi atie viti vya chuma kigumu. Bila hivyo viti huweza kulika, valvu hazifungi sawasawa, huungua, na petroli hupotea bure.

Nne, nafasi ya valvu iwe milimita 0.30 injini ikiwa baridi, na ya plagi milimita 0.64. Kabureta isafishwe.

Katika kilomita 800 za kwanza usipakie mzigo mzito, wala usizidi kilomita 70 kwa saa. Kisha badili oili na filta.

Mwisho, shika daftari. Jaza tangi, andika kilomita, fanya kazi zako, ujaze tena. Lita 18 kwa kilomita 200 ni lita 9 kwa kila kilomita 100. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya matengenezo na baadaye. Ndipo utakapojua kama pesa yako imefanya kazi, au imekwenda na moshi.