Nondo Inayobeba Mzigo Hurefuka Kiasi Gani?
Nondo ya chuma laini iningʼiniayo hurefuka ifungwapo mzigo, ijapokuwa jicho halioni. Ichukuliwe nondo ya mita 3, yenye kipenyo cha milimita 16, ivutwayo kwa kani ya nyutoni 20,000, yaani uzito wa tani 2 hivi. Kani hiyo ikigawanywa kwa eneo la mkato, milimita za mraba 201, hupatikana mkazo wa nyutoni 100 hivi kwa milimita ya mraba. Mkazo ukigawanywa kwa 200,000, kipimo cha mnyumbuko wa chuma, kisha ukizidishwa kwa urefu, nondo hurefuka milimita 1.5. Mzigo ukiondolewa, hurudi ilivyokuwa.

Lakini fundi akiweka nondo ya milimita 10 ili kupunguza gharama, mkazo hufikia 255. Ukomo wa chuma hicho ni 250 hivi: nondo huvutika isirudi tena.